Usukani unaokubali kuvunjika: historia ya nguzo ya usukani, toka ng'ambo mpaka garaji za Bunia

BUNIA, ITURI. – Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho kila anayepanda gari anakitegemea lakini wachache wanakitazama. Ni lile bomba refu linalotoka kwenye usukani, au volani kama tunavyosema hapa kwetu, na kushuka chini kuelekea magurudumu ya mbele. Mafundi wanaliita kolone. Hapa tutaliita nguzo ya usukani.

Katika magari mengi ya zamani yanayotufikia, nguzo hii haikai mahali pamoja. Chini yake kuna mkono mdogo. Ukiuvuta, usukani unapanda au kushuka kufuatana na urefu wa dereva. Katika magari mengine unaweza pia kuuvuta karibu na kifua au kuusukuma mbali. Ni kitu kizuri, lakini gari likizeeka, hapo ndipo panapolegea mapema. Usukani unaanza kucheza mkononi. Dereva anapeleka gari garaji, fundi anafungua nguzo, vipande vinajaa juu ya gunia, na hapo taabu inaanza. Kufungua ni kazi ya saa moja. Kurudisha kila kipande mahali pake ni kazi nyingine kabisa.

Njia ya mkato inajulikana: kutupa springi na vipande vidogo, kupiga nguzo nyundo mpaka ikae, kisha kuichomelea isisogee tena. Usukani hauchezi. Dereva anafurahi. Gari linajaza watu na kushika barabara ya Komanda au ya Mahagi. Lakini kuchomelea huko kunafuta kazi ya watu waliotafuta kwa miaka mingi dawa ya jambo moja: usukani usimuue anayeushika. Ili kuelewa kwa nini, turudi nyuma.

Bomba lililoingia kifuani

Magari ya kwanza kabisa hayakuwa na usukani wa duara. Yaliongozwa kwa mkono wa chuma, kama mtumbwi wenye injini unavyoongozwa kule ziwani Albert. Mwaka 1894, katika mashindano ya magari toka Paris mpaka Rouen huko Ufaransa, Alfred Vacheron aliendesha gari la Panhard lililofungwa usukani wa duara. Baada ya miaka michache karibu watengenezaji wote wakafuata.

Lakini fimbo iliyounganisha duara lile na magurudumu ilikuwa chuma kimoja kigumu, kilichonyooka toka mbele ya gari mpaka kwenye kifua cha dereva. Gari likigonga mti au gari lingine, sehemu ya mbele inarudi nyuma, na fimbo inarudi nayo. Dereva anatupwa mbele wakati chuma kinamjia. Madereva wengi walikufa hivyo, wengine katika ajali ambazo abiria wao walitoka wazima. Watu wakazoea kusema ni bahati mbaya ya barabara.

Kwa miaka mingi watengenezaji hawakuona kwamba fimbo yenyewe ina makosa. Mwaka 1965 mwanasheria wa Marekani, Ralph Nader, alitoa kitabu kiitwacho Unsafe at Any Speed, akishitaki viwanda vya magari kwamba vinauza vitu vinavyoua huku dawa inajulikana. Nguzo ya usukani ilikuwa mojawapo ya mambo aliyoyataja. Kelele zikawa nyingi, na serikali ya Marekani ikatunga sheria za usalama wa magari.

Kampuni ya General Motors iliweka katika magari yake ya mwaka 1967 nguzo inayojikunja inapogongwa. Kuanzia tarehe 1 Januari 1968, sheria ya Marekani ikalazimisha jambo hilo kwa magari madogo mapya. Sheria iliweka kipimo: gari likigonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa, nguzo isirudi nyuma kuelekea kwa dereva zaidi ya sentimita 12.7. Mercedes-Benz ya Ujerumani, ambako mhandisi Béla Barényi alikuwa ameshughulikia jambo hilo kwa muda mrefu, nayo ilikuwa inaelekea njia ileile. Wajapani walitaka kuuza magari yao Marekani, basi nao wakatengeneza nguzo za namna hiyo. Ndiyo maana Toyota ya zamani unayoiona leo kwenye Boulevard de Libération ina ndani yake jibu la kelele zile za miaka ya 1960.

Siri yake ni nyepesi. Badala ya bomba moja, kuna mabomba mawili, dogo ndani ya kubwa. Badala ya fimbo moja, kuna fimbo mbili zilizoshikana kwa meno marefu, na zinafungwa pamoja kwa vijiti vidogo vya plastiki. Kila siku vijiti hivyo vinashika vizuri. Siku ya ajali vinakatika, fimbo zinaingiana, na nguzo inakuwa fupi badala ya kumchoma mtu. Plastiki ile si ujanja wa kupunguza gharama. Imewekwa dhaifu kwa makusudi.

Kwa nini usukani ukaanza kusogea

Kusogea kwa usukani kuna historia yake, na hakukuanza kwa ajili ya usalama. Kulianza kwa sababu ya tumbo. Katika miaka ya 1910 na 1920 Wamarekani walikuwa wakiuziana usukani wa kukunjwa, ambao waliuita usukani wa mtu mnene, kwa sababu mwenye mwili mkubwa alishindwa kuingia katika magari madogo ya wakati ule. Uingereza nako kulikuwa na magari, kama ya Jaguar, ambayo usukani wake uliweza kuvutwa au kusukumwa.

Mwaka 1961 Ford ilitoa Thunderbird yenye usukani unaosogezwa pembeni gari likiwa limesimama, ili dereva aingie bila shida. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1960 General Motors ikatoa usukani unaoinama na kuinuka kwa hatua, na katika Cadillac za mwaka 1965 ikaunganisha yote mawili: kuinama, na kuvutika mbele na nyuma. Ilikuwa starehe ya matajiri. Polepole ikashuka mpaka kwenye magari ya watu wa kawaida. Upande wa Toyota, wengi wetu tunaijua kupitia Land Cruiser. Katika zile za aina ya 100, zilizoanza mwaka 1998, za daraja la juu zilikuja na mota ndogo za umeme za kusogeza usukani.

Lakini kila kinachosogea kinalika. Magari ya Marekani ya miaka ya 1980 yalijulikana kwa ugonjwa mmoja: ndani ya nguzo kulikuwa na bolti nne zilizolegea zenyewe, usukani ukacheza. Kuzikaza ni kazi ya dakika moja, lakini kuzifikia ilibidi kufungua karibu nguzo nzima. Mafundi wa kule walilalamika kama wa kwetu wanavyolalamika. Basi ugumu wa kazi hii si kwa sababu fundi wa Bunia hajui. Kitu chenyewe kilitengenezwa kwa shida.

Mpaka wa mwaka 1910 unapita katikati ya usukani

Gari lenye nguzo hiyo lilifikaje hapa? Tuangalie ramani yetu. Mwaka 1894 mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji alipewa na Waingereza eneo la Lado, upande wa Nile, pamoja na njia ya kufika ziwani pale Mahagi. Alipokufa mwisho wa mwaka 1909, Lado ikarudi kwa Waingereza, lakini Mahagi ikabaki upande wa Wabelgiji, na mwaka 1910 mataifa hayo yakapatana juu ya mpaka. Wakubwa wale hawakuwaza magari. Hata hivyo mpaka waliouchora ukawa pia mpaka wa barabara: ng'ambo, Uganda, watu wanapita upande wa kushoto kama Waingereza, huku kwetu tunapita upande wa kulia kama Wabelgiji.

Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Kilo mwaka 1903, na migodi ikahitaji barabara. Mizigo mingi ilikuja toka pwani ya Mombasa, kupitia reli ya Uganda, kisha meli za ziwa Albert toka Butiaba mpaka Kasenyi na Mahagi-Port. Kampuni ya Vicicongo, iliyoanzishwa mwaka 1924, ilileta reli toka magharibi mpaka Mungbere mwaka 1937, na malori yake yakaendelea mbele katika nchi hii ya kaskazini-mashariki. Malori yale yalikuwa na usukani kushoto, na nguzo yake ilikuwa chuma kigumu cha zamani. Hayakuwa na kitu cha kusogea wala cha kupotea juu ya gunia.

Barabara zilipoharibika katika muda wa Zaire na reli ikanyamaza, Ituri ikaelekeza uso mashariki zaidi kuliko zamani. Kinshasa ni mbali. Kampala ni karibu. Na magari yaliyojaa Kampala ni ya Japani. Huko Japani gari la mtu binafsi linapimwa na serikali miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila miaka miwili, na gharama za kupima zinafanya wengi waliuze likiwa bado zima. Linaingia melini, mengine yakipitia Dubai, linashuka Mombasa, linavuka Malaba, na mwisho linaingia kwetu kwa Mahagi, Aru au Kasindi. Japani pia wanapita kushoto. Basi gari linakuja na usukani kulia, katika nchi ambayo inapita kulia.

Madereva wanajua maana yake. Ukitaka kulipita lori, wewe uliyekaa kulia huoni kinachokuja mpaka umetoa nusu ya gari katikati ya barabara. Abiria aliyeketi kushoto ndiye anakuwa jicho lako. Nchi nyingine zilitafuta dawa kwa njia zao. Kisiwa cha Samoa kilifanya kinyume cha wengine: tarehe 7 Septemba 2009 kilihamisha barabara nzima toka kulia kwenda kushoto, ili watu wake waweze kuletewa magari ya bei nafuu yenye usukani kulia. Sisi tumebaki na barabara yetu, na baadhi ya wenye magari wanahamisha usukani toka kulia kwenda kushoto.

Kazi hiyo ikifanywa vizuri, inataka nguzo ya gari la aina ileile lililotengenezwa na usukani kushoto, pamoja na mashine ya chini na vishikizo vyake. Vipuri hivyo ni vya shida na vya bei. Kwa hiyo mara nyingi nguzo ya kulia inalazimishwa kukaa kushoto, na kishikizo chake kinakatwa na kuchomelewa. Hapo tunarudi kwenye bomba gumu la kabla ya mwaka 1967.

Vita na garaji

Vita vya mwaka 1999 mpaka 2003 viliua watu zaidi ya 50,000 katika Ituri na kufukuza mamia ya maelfu. Mwezi wa tano mwaka 2003 Bunia yenyewe ilikuwa uwanja wa mapigano, mpaka Baraza la Usalama lilipopitisha azimio namba 1484 na askari wa Umoja wa Ulaya wakaingia kwa operesheni Artemis. Katika miaka ile garaji nayo ilikuwa mahali pa hatari, kwa sababu gari linalotembea lilitamaniwa na kila mwenye silaha. Mafundi walikimbia na ujuzi wao, na ufundi unaorithiwa toka kwa mkubwa kwenda kwa kijana ukakatika katikati.

Mwisho wa mwaka 2017 vurugu zikarudi katika eneo la Djugu, na tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Katika garaji za Lumumba na Mudzipela utakuta vijana waliotoka Djugu, Irumu na Mambasa wakijifunza kazi kwa kutazama mikono ya wengine. Hawana kitabu. Akiona mkubwa anachomelea nguzo, atafikiri ndiyo namna yake.

Na wanaopanda magari hayo ni nani? Ni mama anayerudi kutazama shamba lake baada ya kusikia kwamba pametulia. Ni familia inayofuata msafara unaosindikizwa na askari kwenye barabara ya kitaifa namba 4 au 27. Katika msafara gari halichagui mwendo wake. Wakikimbia, unakimbia, shimo likitokea, hakuna nafasi ya kusimama. Na anayeshuka toka Bogoro kuelekea Kasenyi anajua mteremko ule unavyoomba usukani mzima.

Namna ya kuirudisha

Mafundi wenye uzoefu wanafuata utaratibu ambao si wa siri, na vijana wanaweza kuushika hata bila kitabu.

Kwanza, toa waya wa betri. Kama usukani una mfuko wa hewa, vitabu vya Toyota vinataka usubiri sekunde 90 kabla ya kugusa kitu, kwa sababu umeme unabaki ndani. Nyoosha magurudumu. Kabla ya kutenganisha fimbo na kiungio cha chini, weka alama ya rangi kwa pande zote mbili, ili meno yarudi palepale. Panga vipande juu ya kitambaa kwa mstari, kile kilichotoka kwanza kikae mwanzo. Wakati wa kurudisha, anza na cha mwisho. Wenye simu wapige picha kila hatua.

Pili, nyundo ikae mbali. Ukipiga kichwa cha fimbo, vijiti vya plastiki vinakatika na nguzo inaingia ndani kama imepata ajali. Usukani unaokataa kutoka unavutwa kwa chombo chake cha kuvutia.

Tatu, anza na mabomba na fimbo. Safisha meno yanayoteleza, weka grisi kidogo, na uone kwamba fimbo inaingia na kutoka bila kukwama na bila kucheza. Kama bushi ya plastiki imelika, ndiyo sababu ya usukani kucheza. Badili hiyo, ukiitafuta hata kwenye gari lililokufa.

Nne, sehemu ya kuinama. Kuna bolti inayobeba mzunguko, kuna meno yanayoshikana, na kuna springi zinazobeba uzito wa usukani. Springi irudi kabla ya mkono kufungwa, na ishikwe vizuri kwa sababu inaruka. Meno yakiwa yamelika pande zote mbili, badili pande zote mbili. Jipya juu ya zee litaachia. Angalia vizuri nati ya mkono: katika magari mengine inakazwa kinyume, na mwenye nguvu nyingi ameshaivunja kabla ya kujua.

Tano, kishikizo cha juu kinachofunga nguzo chini ya dashibodi. Katika magari mengi bolti zake zinapita ndani ya vipande vidogo ambavyo vimetengenezwa viachie siku ya ajali. Visichomelewe, visibadilishwe kwa washa nene. Vikaze kwa kipimo, basi.

Sita, ule utepe wa umeme uliozungushwa chini ya usukani wenye mfuko wa hewa uwekwe katikati ya mizunguko yake. Usipowekwa katikati utakatika mara ya kwanza dereva akikata kona mpaka mwisho.

Mwisho ni kujaribu kabla ya gari kutoka. Inua magurudumu ya mbele. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto, na urudie kila ukiuinua au kuushusha hatua moja. Usikwame hata mara moja. Funga mkono, kisha vuta usukani kwako kwa nguvu na uusukume: usisogee. Dereva naye ajue kwamba mkono ule haufunguliwi gari likiwa linatembea.

Kama kipuri hakipatikani kabisa na gari lazima litembee, afadhali kuifunga nguzo katika hatua moja kwa bolti inayoweza kufunguliwa, huku sehemu ya kujikunja ikiachwa nzima, kuliko kuchomelea bomba kwa bomba. Starehe ya kuinua usukani inaweza kungoja. Kujikunja hakuwezi kungoja, kwa sababu hakuna anayejua siku ya ajali.

Abiria anaweza kuangalia nini

Mama mwenye watoto wanne na godoro hawezi kulala chini ya dashibodi kukagua. Lakini anaweza kutazama mikono ya dereva kabla gari halijaondoka. Dereva akizungusha usukani huku na huku kidogo na magurudumu hayajibu, kuna kitu kinacheza. Usukani ukipanda na kushuka wenyewe kwenye mashimo, mkono haushiki. Ukiona alama mbichi za kuchomelea chini ya usukani, uliza. Kuuliza si matusi, na wengi wakiuliza pale stendi, mwenye gari atajua kwamba nguzo iliyochomelewa inampotezea nauli.

Kwa vijana wanaojifunza, neno letu ni hili: ile plastiki dhaifu mnayoikuta ndani ya chuma, msiidharau. Watu wengi walikufa kabla haijawekwa mle. Irudisheni mahali pake.